Maji Yasiyotaka Kugeuka Bluu

Jumatatu, 9 Juni
Mwalimu wa kemia katangaza: mradi mmoja tu utakwenda kwenye maonyesho. Lazima uwe wangu. Binamu yangu, anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu, keshaanza kutamba. Mimi kimya. Nikisimama mbele za watu sauti hunikimbia. Ndiyo maana nimechagua udongo. Haujibu.

Nimekata kitako cha chupa, nikaigeuza, nikaijaza udongo mwekundu. Maji ya samadi ya kuku yatapita humo, na udongo utaing'ang'ania fosforasi kama kupe. Profesa ana mchanga. Masikini! Mama kauliza kama banda limehamia chumbani.

Jumanne, 10 Juni
Hila. Profesa alipotoka maabara, nilimwongezea samadi kwenye chupa. Fosforasi itamvujia tele, aaibike. Nimekula chakula cha jioni kwa raha.

Jumatano, 11 Juni
Siku ya dawa. Maji yenye fosforasi yakitiwa dawa ya maabara hugeuka bluu. Ya Profesa: bluu ya kukolea, darasa likapiga makofi! Kumbe mradi wake ndio huo, kuonyesha kuwa mchanga haushiki kitu. Nimempalilia adui shamba. Lakini maji yangu hayakugeuka hata chembe. Udongo umemeza yote! Nilitabasamu, ndani kwa ndani.

Alhamisi, 12 Juni
Mwalimu kaniuliza kama maji yangu niliyachemsha kwanza na asidi. Nikatazama viatu. Akaeleza, bila hasira, kwamba dawa huiona fosforasi iliyo huru tu. Ile iliyofungwa ndani ya vitu vilivyooza haionekani, na sehemu yake udongo hauishiki, hupita kimyakimya. Akayachemsha na asidi, akatia dawa.

Bluu!

Profesa akasema, pole mdogo wangu, hata fosforasi yako ina haya, inajificha. Watu mbavu hawana.

Ijumaa, 13 Juni
Kachaguliwa Profesa. Mimi nimebebeshwa chupa yake. Njiani kanong'ona kwamba ana hofu: kila akirudia jaribio bluu haikolei kama ya Jumatano, na majaji watamtaka arudie. Eti najua kwa nini? Nilifungua mdomo. Sauti ya kukiri ikakimbia. Nikasema labda ni hali ya hewa.

Mwakani ni zamu yangu. Udongo uleule, samadi ileile. Chupa ya asidi nimeisukuma nyuma kabisa ya kabati la maabara. Mwalimu asipoiona, hakuna kuchemsha.