Gari la Kwanza Duniani na Harusi ya Nusaiba

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nina miaka sabini na minne. Nimewazika madaktari wawili walionikataza chumvi, na wenye nyumba watatu hapa Jeppestown, Johannesburg. Chumvi bado nakula. Shule niliishia darasa la tatu kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya.

Jumamosi mjukuu wangu Nusaiba anapelekwa ukumbini. Léonce, Mrundi wa chumba cha chini, kajigamba ngazini kwamba bibi harusi atapanda gari lake jeupe. Eti mzee Duni, wewe utaleta nini, toroli? Watu wakacheka. Nikamjibu nitaleta gari ambalo hata babu yake hajaliona. Nikapanda juu kwa heshima zangu.

Sina gari.

Jumanne, 9 Septemba

Mungu mkubwa! Nimeliona kwenye simu. Mzungu mmoja wa Sandton analiuza. Gari la mwanzo kabisa, kabla magari hayajajua habari ya magurudumu manne. Lina matatu tu, membamba kama ya baiskeli. Kiti cha kisultani. Kwenye picha liko peke yake juu ya majani. Maandishi mengi! Nimesoma yale makubwa: gari, injini inafanya kazi. Yale madogo ni ya watu wenye nafasi.

Nimempigia. Ni mvuvi, anatafuta friza, atabadilishana. Friza tunayo! Ni ya mke wangu Shufaa, lakini imo nyumbani mwangu.

Jumatano, 10 Septemba

Shufaa katoka. Hugues, kijana wa kubeba mizigo, kaja na bakkie yake, ile pikapu kuukuu, kapakia friza, kaenda. Sambusa za harusi zilizokuwemo nimeziweka kwa Mamie, Mkongo mwenye spaza, kiduka cha hapo nje, kwenye friji ya soda.

Jioni Hugues karudi. Kateremsha gari yeye na mtu mmoja, kama kitanda cha mtoto. Linanifika pajani! Nikamwambia vizuri, hii ni sehemu ya mbele, iliyobaki inakuja lini? Kanitazama. Eti ndiyo hiyo, mzee. Nikamwambia asinifundishe magari, vitu vikubwa huja kwa mafungu. Kasema sharp, sawa mzee, kaondoka.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekaa getini tangu asubuhi nikisubiri sehemu iliyobaki. Haijaja.

Nimempigia mzungu. Eti limekamilika, kila skrubu ipo, ila kwa ukubwa ni nusu ya lile la kweli, na iliandikwa kwa herufi ndogo. Nikamuuliza nusu nyingine kampa nani. Simu ikakatika. Mtandao mbovu.

Shufaa kaenda kununua soda, kazikuta sambusa zake. Sasa haongei na mimi. Anaongea na gari. Kaliambia karibu, utalala na huyu mzee, akili mnalingana.

Ijumaa, 12 Septemba

Léonce kaliona. Kacheka mpaka kakaa chini. Kauliza ni la bibi harusi au la mwanasesere wake.

Nusaiba kaja. Kasema eish, Babu, miguu nitaweka wapi? Atapanda la Léonce. Halafu kanishika mkono, kasema wewe uje tu, hata kwa miguu, bila wewe siingii ukumbini.

Kwa miguu! Mimi! Nyuma ya Léonce!

Lakini hakuna aliyesema babu asitangulie.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeliwasha. Tuk-tuk-tuk! Magoti masikioni, kanzu nimeifunga kiunoni. Nikajitia mbele ya Léonce palepale getini. Ukumbi ni mitaa mitatu tu. Mama mwenye ndoo kichwani katupita. Léonce kapiga honi, nikampungia, nikijua ananipongeza. Robot, taa ya njia panda, ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena. Mimi bado katikati. Teksi nazo zikanipongeza.

Mara Nusaiba kafungua mlango wa gari la Léonce, kainua gauni, kaja mbio. Babu, tunachelewa! Kaanza kunisukuma mgongoni. Wanawake wote wakamfuata na vigelegele, na Shufaa akasukuma kwa nguvu isiyohitajika. Tukaingia hivyohivyo mpaka ndani ya ukumbi, mbele ya bwana harusi. La Léonce halikupita mlangoni.

Nani kamleta bibi harusi?

Jumapili, 14 Septemba

Shufaa bado anaongea na gari.

Lakini kosa langu nimelijua: sikuuliza. Yule mzungu ana meli pia. Ya moshi, ya zamani kabisa, inafanya kazi. Hapa Johannesburg nani ana meli? Safari hii nimeuliza mara mbili kama kuna kipande kinabaki. Kaapa iko nzima. Anataka jiko la gesi. Kesho Shufaa akienda sokoni Hugues anakuja, nimemwambia alete wabebaji kumi.

Anayedhani nimetia chumvi habari ya jana amuulize Mamie, alikuwa mlangoni. Au amuulize Léonce. Yeye kaona kila kitu, maana njia nzima alikuwa nyuma yangu.