Manang Consorcia na Mkaa Ulioshiba Kabla ya Vita

Jongeeni, enyi wenye masikio, nanyi mlioyaziba pamba zitoeni! Wekeni vikombe chini, wanyamazisheni majogoo wenu, maana nasimulia vita kuu iliyopiganwa katika mfereji wenye upana wa mikono miwili, wala damu haikumwagika ila ya mbu. Kwanza kitendawili: mweusi wangu ana matumbo elfu, hunywa uchafu wala hatapiki. Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Iloilo yote? Naipokea, ahsanteni. Ni mkaa wa vifuu vya nazi.

Basi alikuwako mtaani kwetu Manang Consorcia, Manang yaani dada mkubwa wa heshima, mchoma kuku, Simba Jike wa Majivu, Bibi wa Upepeo Usiochoka. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na dimbwi alilorithi kwa mamaye, na humo mchicha wa maji ulistawi, ukalisha mtaa mzima. Lakini juu kidogo, kwenye mwinuko, ilisimama gereji ya pikipiki ya Nong Bibiano, Nong yaani kaka mkubwa. Na kila mvua iliponyesha ilifagia oili ya sakafuni mwake, ikateremka nayo mferejini kama jeshi lenye bendera za rangi saba, ikaingia dimbwini bila hodi. Mchicha ukanuka pikipiki.

Ndipo alipokuja Kapitana Rosenda, mkuu wa mtaa, mwavuli mkononi kama mkuki.

"Manang, nakuheshimu, lakini watoto wanakula haya majani. Mvua ijayo nikiona rangi juu ya maji, dimbwi nalijaza saruji. Mifuko ishafika."

"Dimbwi la mama yangu, Kapitana?"

"La mama yako, la bibi yako, la Hawa mwenyewe! Saruji haiulizi ukoo."

Manang Consorcia hakulia. Alipanda juu ya kreti la soda, akainua upepeo wake mbinguni, akanena: "Enyi vifuu mlioungua kwa ajili ya kuku, leo ungueni kwa ajili ya heshima! Mbwa wetu alipokula sumu, mama alimnywesha mkaa uliosagwa, akaishi hata akamng'ata tarishi. Kilichovuta sumu tumboni mwa mbwa kitashindwaje mferejini?"

"Shuka, Manang," akasema Nong Bibiano akipangusa mikono. "Hilo kreti ni langu."

Akashuka, akaanza kuunda jeshi. Katika nyavu za vitunguu alishindilia makumbi ya nazi, hao walinzi wa mbele, wayakamate mafuta. Nyuma yao akapanga mkaa, uliovunjwa vipande kama punje za mahindi, unyonye kilichoponyoka. Na kwa kuwa mkaa una vumbi, aliuosha kwanza. Lakini aliuosha kwa maji gani? Kwetu maji ya kuoshea mchele hayamwagwi: ni ya supu, ni ya maua, ni ya uso wa bibi harusi. Basi mkono wake, kwa mazoea ya miaka sitini, ukachukua ndoo ya maji ya mchele, ukauloweka mkaa humo tangu kifungua kinywa hata adhuhuri.

Akaomba gereji ndoo moja ya maji ya sakafuni, aijaribu ngome yake. Akaimimina mferejini. Lo! Bendera zote saba zikapita, zikicheza ngoma.

"Manang!" Nong Bibiano alicheka hata akakalia spana. "Jeshi lako limelala! Au linangoja kuku?"

Manang akapiga magoti, akatwaa kipande cha mkaa, akakinusa, akakilamba. Macho yakamtoka.

"Uji!" akapiga kelele. "Nimewalisha uji! Wameshiba, matumbo yote elfu yamejaa, watameza nini tena? Nimewapeleka askari vitani wametoka karamuni!"

Na mawingu, tazameni, yalikuwa yamekwisha kuwa meusi kuliko huo mkaa. Akakimbia jikoni, Mwepesi wa Ndara, akatoa gunia jipya la mkaa. Akauosha kwa maji ya bomba, matupu, mara moja, mara tatu, mara saba, hata maji yakatoka maangavu. Nong Bibiano, kicheko kikiwa bado kinamtoka puani, akaja akamshikia nyavu.

"Usinitazame hivyo, Manang. Nami naupenda huo mchicha."

Fundo la mwisho lilipokazwa, mbingu zikapasuka. Maji yakashuka kwa kishindo, yakagonga makumbi, yakasita, yakanung'unika, yakapenya mkaani. Upande wa pili yakachungulia kwa haya, kama mkwe. Kapitana Rosenda akachuchumaa na bakuli jeupe, akayateka. Akalielekeza kwenye mwanga huku, akalielekeza kule. Mtaa mzima ukamsongea mabegani. Hata jogoo mmoja akanyoosha shingo.

"Sioni rangi," akasema.

"Tazama tena!"

"Natazama, Manang, usinisukume! Sioni kitu. Haya: majani ya zamani yang'oe, panda mapya, mkaa uubadilishe kila mwezi. Na wewe Bibiano, weka karai chini ya hizo pikipiki!"

Vifijo vikapanda hata kwenye mabati. Na ili vizazi visisahau, Kapitana akatwaa chaki, akaandika katika ubao wa mtaa, kati ya tangazo la chanjo ya mbwa na ratiba ya mpira wa kikapu, maneno ambayo mvua ilianza kuyafuta hapo hapo, lakini sisi sote tulikwisha kuyasoma kwa sauti: DIMBWI LA MANANG CONSORCIA HALIZIBWI.