Mabuti ya Kulindia Geti

Jumatatu, 10 Februari

Kampuni moja ya ulinzi hapa Changamwe inataka mlinzi wa geti la ghala. Mmoja tu! Majaribio keshokutwa, kila mtu aje na mabuti yake ya jeshi. Jirani yangu Ngumbao naye kaomba. Ngumbao! Mtu anayesinzia hata akinyolewa. Nikiikosa kazi hii, mke wangu Pascalia atanisukumisha mahamri yake hadi nizeeke. Kashaniambia.

Nimekwenda Magongo kwa Mwidani, muuza mabuti ya mtumba. Mguu wangu ni arobaini na mbili. Nimechukua arobaini na tano. Mkubwa wa walinzi huanza kukutazama miguuni, na buti kubwa ni heshima. Mwidani kanisihi niyavae, nitembee kidogo. Nikamwambia mguu wangu naujua tangu nizaliwe. Soksi tatu na gazeti, basi!

Jumatano, 12 Februari

Aibu! Aibu tupu! Afande Odhiambo, mkubwa wa walinzi, katupanga mstari. Kaamrisha nyuma geuka. Mimi nimegeuka. Mabuti hayakugeuka. Nimeanguka kifudifudi, gazeti likachomoza kisiginoni. Ngumbao kacheka mpaka akakaa chini.

Afadhali Afande kasema mambo yataamuliwa Ijumaa, kwa kusimama getini. Kaongeza, akinitazama mimi, kwamba mabuti yawe ya kumtosha mtu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwahi Mwidani asubuhi na mapema, hata turubai hajatandika. Kakubali kunibadilishia, lakini kaniomba nirudi alasiri, mguu ukishafura kwa joto, tena nije na soksi nzito, vidole vipate nafasi. Ujanja huo! Anataka Ngumbao achague kwanza. Nimejaribu arobaini, bila soksi. Yameingia! Kwa nguvu, lakini yameingia.

Saa nane mchana hayaingii.

Sikukata tamaa. Pascalia huuza mbaazi na mahamri asubuhi. Mbaazi kavu zikilowa si hufura? Nimejaza mabuti mbaazi zake kilo mbili, nikatia maji, nikaanika juani. Zimefura kweli. Nilipozitoa, ngozi ikakauka, ikanywea kuliko mwanzo! Pascalia kazikuta mbaazi zake zinanuka rangi ya viatu. Kazimwaga zote mlangoni. Mama huyu akimwaga chakula, mimi huogopa.

Ijumaa, 14 Februari

Pascalia kanivalisha mabuti kwa sabuni na mpini wa kijiko, huku akiniombea na kunitukana kwa pamoja. Afande kaniweka upande wa kushoto wa geti, Ngumbao kulia.

Baada ya saa moja Ngumbao kahamia kivulini. Kisha kafuata maji. Kisha kafuata muuza viazi vya karai. Mimi? Niende wapi! Nikifikiria hatua moja tu, machozi yananitoka. Lori la mafuta limenipita pua na mdomo, limenipaka vumbi lote la barabara. Sikubanduka.

Saa sita Afande kaja. Kaniona nimesimama wima, machozi yanachuruzika. Kawaita wote, akawaambia tangu aanze kazi hajaona mtu anayelipenda geti kiasi hiki. Nimepata kazi! Mimi! Ngumbao kanipa mkono, mdomo una mafuta ya viazi.

Nimerudi nyumbani kwa tuktuk. Pascalia kayakata mabuti kwa kisu, kanikanda miguu kwa maji ya chumvi. Kanicheka, halafu kalia kwa furaha. Nami nimelia, kwa vidole.

Jumamosi, 15 Februari

Leo kampuni inatoa mabuti mapya, bure kabisa! Pascalia kanisindikiza hadi mlango wa stoo. Njia nzima wimbo ni mmoja: arobaini na mbili, Baba Sidi, usijitie wazimu, arobaini na mbili. Nimeitikia kila mara.

Mwenye stoo kaniuliza namba. Nimetafakari. Buti likinitosha, nitaweza kutembea. Nikiweza kutembea, kivuli nitakiona, na viazi nitavisikia harufu. Afande atajua mimi na Ngumbao ni kitu kimoja.

Nimemwambia thelathini na tisa.