Joka la Temeke Lina Wenyewe

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Temeke, Kiwalani na vitongoji vyake kwamba siku ya Jumatatu, tarehe 23 Aprili 1951, wakazi watafurahi. Furaha itaanza saa mbili kamili asubuhi na itakwisha saa sita na robo mchana. Atakayeonekana akifurahi nje ya muda huo, au akinuna ndani yake, ataandikwa jina.

Tangazo hilo lilipigwa taipu na karani Gozbert, nakala arobaini, kwa amri ya mkubwa wake, Bwana Chokaa. Mzungu huyo alikuwa na jina lake halisi, refu, limeandikwa mlangoni. Lakini tangu ahamie Temeke alikwisha kupaka chokaa mawe ya barabarani, mashina ya minazi, ndoo za zimamoto na kobe mmoja aliyekosea kupumzika karibu na mawe, basi watu wakamwita hivyo. Alikuwa Bwana Shauri, ofisa wa Serikali wa wilaya, mwenye bidii, na bidii haina dawa. Mwaka ule ilimwangukia Mtakatifu Joji, msimamizi wa Waingereza mwenye sikukuu tarehe hiyo, ambaye zamani sana aliua joka kwa mkuki akiwa juu ya farasi mweupe.

Serikali iliidhinisha njia kumi na moja za kumsherehekea. Njia ya kwanza ilikuwa kusimama kando ya barabara. Ya nne ilikuwa kuvaa waridi jekundu kifuani, ila Temeke nzima haikuwa na waridi jekundu, kwa hiyo Kamati Ndogo ya Maua ilikaa vikao vitatu ikapitisha pilipili. Ya saba ilikuwa kushangilia mara tatu, pamoja na nafasi ya kuvuta pumzi kati ya shangwe na shangwe. Ya kumi na moja, kilele cha yote, ilikuwa kuuawa kwa joka saa tano kamili mbele ya Bwana Mkubwa kutoka Sekretarieti. Nafasi ya Mtakatifu ilishikwa na Bwana Chokaa, baada ya jina lake kupendekezwa na Bwana Chokaa.

Gozbert hakuona kichekesho hapo, na tusimlaumu. Alikuwa na fomu ya likizo mfukoni, miezi miwili, imejazwa yote isipokuwa sahihi. Miaka mitatu hakukanyaga Bukoba. Huko alikuwapo Kokushubila, mchumba wake, na baba yake Kokushubila alikwisha kuandika barua fupi: Pentekoste ikipita hajamwona mkwe, binti atapewa mwalimu mmoja mwenye baiskeli mpya. Pentekoste ilikuwa tarehe 13 Mei, na treni ya kumfikisha kwa wakati ilikuwa Jumatano hiyo hiyo ya wiki ya Joji.

"Siku ikipita kwa utaratibu," Bwana Chokaa alisema, "nitatia sahihi. Isipopita, hutakwenda hata Pugu."

Kwa hiyo ndoa ya watu wawili wa Bukoba ikawa imetegemea joka, na joka lenyewe halikuwapo. Gozbert alikwenda kulitafuta kwa Mzee Mwinjuma, Mzaramo, mwenye ngoma kubwa kuliko zote Temeke. Alimkuta ukumbini akimenya muhogo na mkewe, Bi Tunu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Leo kodi au choo?"

"Joka, mzee. Serikali inaomba joka. Watu kumi ndani ya magunia, wewe kichwani. Bwana Shauri atakuja na mkuki, atawachoma kidogo, mtakufa."

Mwinjuma aliweka kisu chini. "Hilo joka limekosa nini?"

"Lilikuwa linakula watu."

"Wa mtaa gani?"

"Sio wa hapa, mzee. Mambo ya zamani, huko kwao. Ni kumbukumbu tu."

"Na mashahidi walisikilizwa?"

"Hapana. Alikuja na farasi, akaliua."

"Mh," alisema Bi Tunu. "Hao ndio wenyewe."

Mwinjuma alitafuna kipande cha muhogo mbichi, akafikiri. "Sawa, litakufa. Ila, karani, mie naliweka jina langu na watu wangu humo. Likishakufa ni msiba wa hapa kwangu. Msiba una wenyewe, na wenyewe sharti waarifiwe."

Gozbert alikuwa na haraka. Aliandika kwenye daftari: *Mzee amekubali bila masharti*, akaondoka nusura aimbe.

Jumatatu ilifika na mvua yake ya masika, mawingu yakiwa yameshuka mpaka kwenye minazi. Watu walijipanga barabarani na pilipili zao vifuani, wakipiga chafya kwa utaratibu. Farasi hakupatikana Dar es Salaam nzima, hivyo Idara ilikuwa imemkodi punda wa mchuuzi wa maji ikampaka chokaa mara mbili. Bwana Chokaa alimpanda, kofia ya bati kichwani, mkuki mkononi, miguu ikiburura chini. Kwenye jukwaa, Bwana Mkubwa alikaa chini ya mwavuli. Alikuwa mgeni nchini na Kiswahili chake kilikuwa hakijavuka "asante".

Saa tano kasorobo joka lilitoka nyuma ya soko, likavuka uwanja likipinda mkia. Lilikuwa joka zuri kwa kweli, lina meno ya vifuu na macho ya vifuniko vya masufuria. Watu walishangilia mara tisa bila kuvuta pumzi. Tatizo dogo ni kwamba walikuwa wanalishangilia joka.

"Wakimbie, Mwinjuma! Wakimbie!" watu walipiga kelele.

Mvua nayo ikaanza. Chokaa ikamchuruzika punda mpaka kwatoni, na farasi mweupe wa Mtakatifu akarudi kuwa punda mbele ya Serikali. Lakini mkuki ulifika, Mwinjuma aliguna kwa heshima, na joka likaanguka dakika ile ile iliyopangwa. Gozbert alishika fomu mfukoni. Siku ilikuwa imepita.

Ndipo Bi Tunu alipojifunga kanga kiunoni, akatoa kilio.

Wanawake wote wa Temeke walimpokea. Bwana Mkubwa alisogea mbele kwenye kiti. Na kutoka barabara ya Kiwalani wakaja mbio Wanyamwezi ishirini, nyuso zimepakwa majivu, mbele yao fundi mwashi Kornelio, amejichora soksi za chokaa mpaka magotini na kutia bua la mpapai mdomoni badala ya kiko, akimwiga Bwana Chokaa. Mwinjuma alikuwa amewaarifu, kama mtu mwenye adabu anavyoarifu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na Mzaramo akifiwa, mtani wake huja kumcheka marehemu, kumwiga, kulala njiani maiti isipite, na kuteka mali mpaka igombolewe. Anayekasirika ndiye mwenye aibu. Gozbert, Mhaya, alikuwa akizisikia habari hizi kibarazani. Sasa alizikumbuka zote kwa pamoja.

"Maiti haendi popote!" alipaza Kornelio, akajilaza juu ya joka. "Tazameni Mzaramo huyu! Hata kufa hajui, kaanguka kama gunia!"

"Nyamaza, Mnyamwezi wee," lilijibu joka kutoka ndani.

"Maiti hajibu! Na muuaji yuko wapi?"

Muuaji alikuwa juu ya punda. Waliteka punda, wakateka mkuki, wakateka kofia ya bati, kisha, kwa kuwa hapakubaki kingine, wakamteka Bwana Chokaa, wakamkalisha mkekani katikati ya wafiwa. Askari walimtazama Gozbert, na Gozbert akamtazama Bwana Chokaa, ambaye uso ulikuwa umeiva kuliko pilipili yake.

"Karani! Hii ni nini? Iko kwenye programu?"

Gozbert alijua kwamba akisema hapana, watu hamsini watalala rumande, na yeye atazeeka Temeke. Akasimama wima.

"Ni njia ya kumi na mbili, Bwana. Maombolezo."

Kwenye jukwaa Bwana Mkubwa alikuwa anapiga makofi mpaka mwavuli umemponyoka. Aliuliza kwa Kiingereza kuna nini. Bwana Chokaa, aliyekaa mkekani amekunja miguu, alimjibu kwamba ni njia ya kumi na mbili, na kwamba aliibuni mwenyewe.

Gozbert alimwinamia Kornelio. "Braza, muuaji naye hukamatwaga?"

"Kwetu hajapata kupatikana. Leo kajileta mwenyewe na punda."

"Mwachieni basi. Mnataka nini?"

"Siku tatu za matanga, hakuna kazi, Temeke na Kiwalani. Aseme kwa sauti, kisha atie sahihi."

Bwana Chokaa alisema kwa sauti, maana Bwana Mkubwa alikuwa anatabasamu. Sahihi ikahitaji karatasi. Mvua ilikuwa imelowesha kila kitu uwanjani, isipokuwa fomu moja iliyokuwa mfukoni mwa karani. Gozbert aliitoa kama mtu anayetoa leso. Bwana Chokaa, maji yakimtiririka machoni, alitia sahihi mahali alipoonyeshwa kidole.

Kornelio aliipokea. Alikuwa amesoma misheni Tabora, akaisoma taratibu, mstari kwa mstari, na Gozbert akaona Bukoba yote inaning'inia kwenye mkono wa mwashi.

"Siku tatu zimesikiwa na watu elfu," Kornelio alinong'ona. "Hizi sitini ni za nani?"

"Zangu. Kuna mtu ananingoja."

"Mchumba?"

"Mchumba."

Kornelio aliikunja karatasi akamrudishia, kisha akageukia uwanja. "Tumeridhika! Muuaji huru! Ila arobaini ya marehemu itafanyika nyumbani kwa muuaji, na watani tutakuja wote!"

Bwana Mkubwa alipotafsiriwa maneno hayo, aliandika amri pale pale: utamaduni huu bora utekelezwe hadi mwisho wake.

Jumatano Gozbert alipanda treni. Tarehe 8 Mei alikuwa amekaa mbele ya baba yake Kokushubila, na mwalimu mwenye baiskeli mpya akaendelea kufundisha.

Ikafika mwanzoni mwa Juni, yeye na mkewe wanamenya ndizi nyuma ya nyumba, mpeleka simu wa Bukoba alipowaletea simu ya maandishi kutoka Temeke. Ilisema: WATANI MIA NNE VERANDANI MWANGU. WAMETEKA MEZA, KITANDA NA MPISHI. WANASEMA NI NJIA YA KUMI NA TATU. NIFANYE NINI. RUDI MARA MOJA.

Kokushubila aliisoma, akafuta mikono. "Maskini. Utamjibuje?"

Gozbert aliomba kalamu. Miaka sita ya ukarani haikupotea bure, na kila neno lilikuja lenyewe, limenyooka, hata mkato haukukosea mahali pake. Aliandika:

"Simu yako imepokelewa. Suala lako linashughulikiwa. Unaombwa kuwa mvumilivu, na usilete simu nyingine kuhusu jambo hili."