Mwaliko wa Chikago

Jumatatu, 1 Machi 1954
Mmarekani kanunua sanamu yangu ya kikongwe dukani kwa Bwana Pyarali, hapa Temeke, ambako mie na Alfonsi tunachonga barazani. Kanipa mkono. Kasema kwao ni Chikago, mji mkubwa kando ya ziwa, nikifika nimtafute. Nimealikwa! Alfonsi anasema Wazungu huwaambia watu wote hivyo. Kijicho. Nimemuaga Bwana Pyarali papo hapo. Miaka kumi na mmoja ya kuinama, mgongo umechoka.

Jumatano, 3 Machi
Foleni tangu asubuhi. Ofisi ya pasi wanataka barua ya mwenyeji wangu. Mwenyeji keshapanda meli, na jina lake sikulishika. Mke wangu Filomena kauliza nimeacha kazi niende kwa nani. Kwa rafiki, nikasema. Rafiki gani? Nikajifanya nasinzia.

Alhamisi, 4 Machi
Barua imepatikana! Tumeiandika wenyewe, mie na Fakihi, karani mstaafu wa Kurasini mwenye taipureta. Mwenyeji tumemwita Bwana Joni. Ili aonekane anaujua mji wake, nimeongeza: "Nyumba yangu i kando ya ziwa, maji yakipwa tutaokota chaza." Fakihi alisita. Nikamwambia anayeandika ni Joni, si yeye.

Jumamosi, 6 Machi
Karani wa pasi kaisoma mara mbili. "Mzee, ziwa la huko linakupwa?"
Nikajibu ziwa la Marekani ni kubwa.
Kumbe mzaliwa wa Mwanza! Kasema la kwao pia ni kubwa, na tangu azaliwe hajaliona likipwa. Akawaita wenzake. Ofisi nzima kicheko. Barua kaichana, kasema nishukuru haikumfikia bosi wake. Nimerudi kwa miguu. Vumbi, jasho, aibu.

Jumatatu, 8 Machi
Nafasi yangu barazani anayo Alfonsi. Anachonga vikongwe! Vibaya, na vinanunuliwa. Filomena kaenda mwenyewe kumwomba Bwana Pyarali. Nimerudishwa, upande wa jua.
"Baba Eufrazia," kaniambia, "tulia sasa. Mie nimechoka kukuombea."
Nimeapa kutulia.

Jumanne, 9 Machi
Mama mmoja wa Kiswisi kauliza njia ya posta. Nikamwonyesha. Kaondoka akisema, "Asante, karibu!" Alfonsi anadai kachanganya maneno, alitaka kusema kwaheri. Alfonsi! Nani atamke karibu naye hataki mgeni?
Nimemuaga Bwana Pyarali. Safari hii hakuinua hata kichwa.