Saa ya Bosi na Kikapu cha Peremende

Dudley Skerritt alipoiona saa ya dhahabu ikining'inia kwenye tumbo la Bwana Ollerenshaw, mwenye ukumbi, viganja vilimwasha. Msimu wote wa mchezo wa Krismasi wa watoto pale Grimsby, Uingereza, alikaa chini ya jukwaa, akilipua baruti na kufukiza moshi. Mwigizaji akipiga mguu mara mbili, Dudley huvuta komeo, mlango wa sakafuni mwa jukwaa ukafunguka na kummeza mwigizaji.

"Bosi, ile saa ya bati tunayoipoteza kimazingaombwe kila siku, watoto wameishtukia," alisema kwa huzuni ya mchungaji. "Leo tunafunga msimu. Weka yako, waone dhahabu ikiyeyuka!"

"Itarudi?"

"Bosi! Mimi tena?"

Bwana Ollerenshaw alipenda sifa kuliko chakula, na chakula alikipenda mno. Akaivua.

Jukwaani baruti ikalipuka, moshi ukatanda, saa ikapenya mlango wa sakafuni na kumdondokea Dudley mikononi. Punde akapanda ngazi, uso masizi matupu, kiganjani donge la shaba alilolitayarisha tangu jana. "Moto ulizidi, bosi. Pole."

"Pole? Saa ya marehemu babu! Fungeni milango! Hatoki mtu bila kupekuliwa!" Kisha akarudi kwenye roshani yake kuililia saa, mchezo ukaendelea.

Kupekuliwa Dudley alikutarajia. Pembeni mwa jukwaa kilikuwepo kikapu cha Cyril, dume la sauti nzito lililoigiza mama mjane. Alishawarushia watoto peremende zake. Zilibaki chokoleti chache za duara, zimefungwa karatasi ya dhahabu. Dudley akaifunga saa vivyo hivyo, akaitosa humo. Nani angempekua mama wa watu?

Alisahau kwamba siku ya kufunga msimu watoto hawashibi.

"Tena! Tena!"

Cyril akanyakua kikapu, akarudi jukwaani kumwaga neema. Dudley akachomoka nyuma yake, mkono mbele.

"Yuko nyuma yako!" ukumbi mzima ukapiga kelele.

Cyril, msanii anayeheshimu kazi, akageukia upande mwingine, kama ada ya michezo hii ya Krismasi inavyotaka. "Yuko wapi, wanangu? Mbona simwoni?"

"Nyuma yakooo!"

"Nipe hicho kikapu, kaka!" Dudley alinong'ona.

"Kaka yako nani, na gauni hili?" Watu wakavunjika mbavu. Cyril akairusha chokoleti ya mwisho juu kabisa, hadi roshani. "Hiyo ya kumpoza bosi!"

Bosi akaidaka, akaing'ata kwa uchungu. Jino likalia. Akabandua karatasi polepole, akaiweka saa sikioni, kisha akamtazama Dudley. Watoto wote nao wakamtazama.

Dudley akasogea taratibu hadi juu ya mlango wa sakafuni, akapiga mguu mara mbili. Akasubiri. Akapiga tena, safari hii akiomba kwa moyo wake wote.

Lakini mvuta komeo pekee wa ukumbi ule alikuwa juu, amesimama palepale mlangoni.