Mreteni wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi. Anakwenda kwa dada yake kupumzika. Nimemuuliza anapumzika na nini. Akaendelea kukunja nguo. Atarudi Jumapili ya tarehe sita Aprili, ndipo tuzungumze, kama kuna cha kuzungumza. Ndivyo alivyosema, neno kwa neno, huku akifunga zipu ya begi kubwa.

Ameniachia funguo na mreteni. Mreteni ni bonsai yake, mti mzima wa chunguni usiozidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliuotesha kutoka kijiti mwaka ambao mke wangu alianza shule. Hakumwachia kitu kingine. Maagizo: ukae nje, juu ya ukuta. Nipime udongo kwa kidole, ukikauka nimwagilie. "Maji tu," amesema. "Usiufanye kitu kingine chochote."

Nimekula nimesimama. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jumatano, 5 Machi

Jirani yetu ni fundi cherehani mstaafu. Ana bonsai kumi na tatu kwenye ukuta huohuo unaotutenganisha. Kimoyomoyo namwita Sindano. Mwezi uliopita mke wangu alisimama naye ukutani nusu saa nzima wakizungumzia mizizi. Alicheka! Mara mbili! Nilikuwa dirishani jikoni, nilisikia. Humu ndani hajacheka tangu sijui lini.

Nimepata wazo. Nitautengeneza mreteni. Nitaupogoa, nitaufunga waya, nitaukunja uonekane mti wa mlimani uliopigwa na upepo miaka mia. Mke wangu atafungua mlango, atauona, atakaa chini. Atajisemea kumbe mume ninaye. Sindano ataumwa na kijicho. Mpango hauna kasoro.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki hii nimetazama video nne kazini. Mimi ni karani wa masjala, mafaili hayana pa kwenda.

Video zote zinasema usipogoe zaidi ya theluthi. Nikapogoa theluthi. Kisha nikaona upande wa kushoto umezidi, nikapunguza. Kulia nako kukazidi. Kufika saa nane mchana ndoo ilikuwa na mti mwingi kuliko chungu.

Halafu waya. Unauzungusha kwenye tawi kwa mshazari, usikaze sana wala usilegeze. Nimekaza. Kitu kikilegezwa huondoka, hilo nalijua. Nikaanza kukunja. Tawi la kwanza likatii. La pili likatii. La tatu, lile kubwa kuliko yote, kah! Limevunjika mkononi mwangu. Nilikaa kwenye ngazi muda mrefu nikiliangalia.

Ndipo nikakumbuka video ya tatu. Wataalamu huacha tawi lililokufa makusudi, wanalimenya gome libaki jeupe, mti uonekane mkongwe! Nimelimenya kwa kisu cha jikoni. Sasa si ajali tena, ni mtindo.

Jumapili, 9 Machi

Sindano amechungulia. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akautazama mreteni mpaka nikaanza kukohoa. Akaniambia nitoe waya, niuweke kivulini hapohapo nje, na mizizi nisiiguse mwaka mzima. Kisha akasema taratibu, "Kijana wangu, mti huu hausemi. Unaweza kufa leo ukabaki kijani mwezi mzima."

Wivu mtupu! Nimemshukuru kwa adabu zote. Alipoingia ndani kwake, nikautoa mreteni kwenye chungu, nikapunguza mizizi kwa mkasi na kuupanda kwenye bakuli pana la udongo tulilopewa siku ya harusi. Nililitoboa tundu chini. Lina ufa mdogo sasa, lakini umeelekea upande wa ukuta. Nimeuweka mti sebuleni, juu ya kabati. Sindano atatazama nini sasa?

Jumanne, 18 Machi

Kijani! Siku tisa, kijani vilevile! Nimeupiga picha, nikamtumia mke wangu. Amejibu baada ya saa tatu. Ameuliza kwa nini mti uko ndani. Nimemwandikia kwamba atajionea mwenyewe akija. Hajajibu tena. Nimeitazama simu mpaka chaji ikaisha.

Jumamosi, 29 Machi

Bado kijani. Umefifia kidogo, kijani cha kiungwana. Nimeupaka mafuta ya kupikia, umerudi kung'aa. Namwagilia asubuhi na jioni ili nisilaumiwe. Ajabu, udongo haukauki. Mti hauna shida kabisa, hata maji hauyahitaji.

Leo nimekuta kitana chake nyuma ya sinki, kina nywele zake mbili. Nimelia. Lakini nilikuwa naosha vyombo, kwa hiyo haihesabiki. Siku nane zimebaki.

Jumapili, 6 Aprili

Amekuja saa nne asubuhi. Na begi dogo. Nikajiambia, kubwa litafuata.

Nilikuwa nimeufunika mti kwa kitambaa. Nikakivuta. Hakukaa chini. Alisogea, akagusa kitawi kwa kidole kimoja. Majani yakamwagika juu ya kabati. Akakwangua gome kwa ukucha. Chini ya gome panatakiwa kuwa kijani. Palikuwa kahawia, pakavu.

Akaomba koleo. Akaanza kukata waya, kipande kipande, hakuufungua kwa kuuzungusha. Palipokuwa na waya pamebaki alama, maana ulikuwa umeingia ndani ya gome. Nikamweleza kuhusu mtindo, upepo, miaka mia. Nikamwonesha lile tawi jeupe.

"Nilikwambia maji tu," akasema. Hakupaza sauti.

Nikasema nilifanya kwa ajili yake.

"Najua," akasema. "Yote unanifanyia mimi. Hata siku moja hujaniuliza."

Akautoa mreteni kwenye bakuli la harusi, akaufunga kwenye gazeti. Kisha akaingia chumbani. Begi dogo lilikuwa tupu, kumbe la viatu vyake vilivyobaki. Ametoka na begi mkono mmoja, mti wa baba yake mkono mwingine. Nilimfungulia mlango, maana hakuwa na mkono wa kufungulia.

Jumatatu, 14 Aprili

Sindano ameniita ukutani. Amenipa mche wa mreteni kwenye kopo, ameuotesha mwenyewe. Kasema ukae nje, maji tu, nisiuguse miaka mitatu. Kasema pia kwamba mke wangu atakuwa na huzuni, nimwache kwanza, nisimfuate. Nimeitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Nimefikiri sana wiki hii. Nimegundua kosa langu. Ni waya! Nilitumia wa alumini, mreteni unataka wa shaba. Hakuna mtu aliyeniambia.

Jumapili hii nitakwenda kwa shemeji bila taarifa, nimshangaze. Sitakwenda mikono mitupu. Nimeuingiza mche ndani, uko hapa mezani, nimeutazama dakika tano. Kitawi cha kushoto kimekaa vibaya kidogo.